Kale kajani kanakocheka! Nimekata majani kwa saa mbili na nusu juani, nimeondoka na sifuri

Slasha wa Texas (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya pikapu, nimepaki kituo cha mafuta hapa Fort Worth, Texas. Mikono bado inatetemeka kwa mashine, jasho halijakauka. Msiniambie nitulie. Situlii.

Kampuni yenyewe mnaijua. Siitaji jina, lakini kila Mswahili aliyewahi kushika mashine ya majani hapa Marekani anaijua. Ile ambayo mteja anaandika anwani yake tu kwenye simu, bei inatoka hapo hapo, halafu mimi natafutwa kama mganga. Hiyo hiyo.

Wamenitumia kajani kanakocheka, kale kakatuni ka kwenye meseji.

Ngoja nianze mwanzo. Jana usiku nimechukua kazi ya dola 42, mbele na nyuma ya nyumba. Programu yao inapima uwanja kwa picha ya setilaiti. Sasa setilaiti inaona upana, itaonaje urefu wa majani? Mteja kaandika kwamba yamekatwa wiki mbili zilizopita. Nimefika saa nne asubuhi, joto linakimbilia nyuzi 38, nafungua geti la nyuma, nakuta ukoka. Ukoka wetu ule ule, huku wanauita Bermuda. Umefika magotini! Wiki mbili za nani? Mle ndani simba angezaa, watoto wakakua mpaka wakamaliza darasa la saba, na jirani asijue.

Mngekuwa nyie mngeondoka. Mimi nimekata.

Na nimekata kwa adabu ya kazi. Ukoka mrefu haukatwi kwa mpigo mmoja. Ukiushusha wote kwa mara moja unabaki na vijiti vya kahawia, mwenye nyumba anasema umemuulia bustani. Kwa hiyo nimepandisha kisu juu kabisa, nimepita uwanja mzima, nimeshusha, nimepita tena. Mashine imenizimikia mara tano kwa majani kujazana chini. Ile mashine ya uzi ya kusafishia pembeni ya uzio imemaliza uzi wote, nikaweka mwingine.

Kona ya nyuma kulikuwa na bwawa la watoto la plastiki, jekundu, maji yamekuwa ya kijani, viluwiluwi vya mbu vinaogelea humo kama wako Olimpiki. Kuhamisha vitu vya watu siyo kazi yangu. Lakini mtu mwenye haya hakati majani akalizunguka bwawa kama anazunguka kaburi. Nimelivuta mpaka barazani. Maji yote yakamwagikia viatuni, soksi zinanuka mpaka sasa hivi ninavyoandika. Pale lilipokuwa limeacha duara, ukoka umepauka, wa manjano, mviringo kabisa kama umechorwa kwa sufuria. Hilo duara mlikumbuke.

Nimepiga picha sita za mwisho kama wanavyotaka. Duara linaonekana. Bwawa linaonekana liko barazani. Nimepuliza njia kwa blowa, nimefunga geti, nimeondoka.

Sijamaliza maili 3, simu inalia. Mteja kasema kazi haikufanyika. Haikufanyika! Na ameweka picha. Nafungua picha, wakuu, bwawa jekundu liko PALE PALE KONANI na maji yake ya kijani! Kapiga kabla sijafika! Mtoto wa chekechea angeliona lile bwawa. Kipofu angelinusa.

Nikasimamisha gari. Nikawaandikia, nikaambatanisha picha zote sita, nikaeleza bwawa, nikaeleza duara. Dakika 4 jibu limerudi. Mteja amerudishiwa pesa yake yote, mimi dola 42 zimeondolewa, nyota zimeshuka kutoka 4.9 hadi 4.7. Na mwisho wa meseji: "Jitahidi zaidi wakati ujao!" Pembeni yake kajani kanacheka.

Kana macho. Kana meno.

Jani lenye meno, wakuu.

Dola 42 nitazitafuta tena. Maili 23 kwenda na 23 kurudi zimeshaungua, petroli niliyochanganya na oili moja kwa hamsini imeshaungua, sawa. Lakini kuna mtu alikaa ofisini, penye kiyoyozi, akafikiri: huyu tukishamnyang'anya tumwekee na nini? Tumwekee kajani. Kacheke.

Mzee wangu alifyeka uwanja wa shule ya msingi kule Muheza kwa slasha ya mkono miaka mingi. Walimcheleweshea mshahara, walimkopa, mwaka mwingine walimsahau kabisa. Lakini hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kusimama mbele yake akamchekea meno nje huku anamnyima hela yake. Hakuna.

---

Mtoto wa Rangi Tatu

Bila picha hii ni chai. Leta picha ya kajani.

---

Slasha wa Texas

Nimeiweka hiyo hapo juu. Tazama meno.

---

Mtoto wa Rangi Tatu

Nimekaona. Kazuri jamani! Wife anauliza kama kanapatikana WhatsApp.

---

Kigogo Kavu

Umeenda Marekani kufyeka? Si ungebaki tu Muheza, ukoka upo.

---

Hesabu za Mama

Pole mkuu. Ila nikusaidie kitu kimoja, umesema maili 46 kwenda na kurudi. Ziandike kwenye daftari leo leo na tarehe yake. Kiwango cha IRS, watu wa kodi wa Marekani, kwa mwaka 2025 kilikuwa senti 70 kwa maili, kwa kiwango hicho ni dola 32 na senti 20. Hazirudi mfukoni, zinapunguza mapato yanayopigiwa kodi. Watu wengi wa kazi hizi wanakuja kwangu mwezi wa nne wakilia. Kumbuka wewe siyo mwajiriwa wao, ni kontrakta, ile asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare, yaani makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni, unaibeba mwenyewe yote. Na risiti za uzi na oili usitupe.

---

Slasha wa Texas

Asante dada, nitaandika. Lakini nataka mtu aniambie: wewe ungetumiwa kale kajani ungefanyaje?

---

Hesabu za Mama

Ningehifadhi meseji kama ushahidi.

---

Bajaji Mbili

Nyie wa ughaibuni mnalia kwa dola 42, hiyo hapa ni zaidi ya laki! Njoo Dar uone. Juzi nimeitwa kutoka Kimara, programu inasema abiria yuko dakika 3. Dakika 3 za ndege. Nimekwama foleni ya Ubungo dakika 50, nimefika, abiria kafuta safari, nimeambiwa NIMECHELEWA. Na kamisheni wanataka. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliposema kamisheni isizidi asilimia 15 tukashangilia, tukapigiana simu. Kampuni moja kubwa ikasimamisha huduma! Ikarudi mwanzoni mwa 2023 kiwango kilipopandishwa hadi asilimia 25. Sasa wewe unalilia jani.

---

Slasha wa Texas

Bajaji Mbili, ulipofutiwa safari walikuchekea?

---

Bajaji Mbili

Hawakunichekea.

---

Slasha wa Texas

Basi hatuko sawa.

---

Likoni Ferry

Sisi Kenya kamisheni ni asilimia 18, iko kwa sheria tangu 2022, na hizo 82 zinazobaki petroli yazila zote. Kisha mteja aja na mbuzi. Mbuzi ndani ya gari! Nikimkataza anipa nyota moja. Nikimkubalia, mteja wa pili aingia, anusa, anipa nyota moja. Nyota ni moja tu, ndugu zangu, utake usitake.

---

Kigogo Kavu

Mbuzi alilipa nauli?

---

Mama Bukavu

Pole sana ndugu. Miye niko Columbus, Ohio, nasafishaka manyumba ya watu, kazi inapitia mu simu vile vile. Kulikuwa mutu moja, nimesafisha nyumba yake mpaka chini ya frigo. Alinipatia nyota moja juu imbwa yake ilinibwekea. Imbwa ndiyo ilibweka! Nikauliza wale wa kampuni, imbwa ni ya nani? Hawakujibu hata neno.

---

Slasha wa Texas

Mama, wewe unanielewa. Lakini ona, wewe hawakukujibu. Mimi wamenijibu kwa JANI. Nimekaa hapa naliangalia. Kila nikifungua simu nimtumie mke wangu ujumbe, naona kale kameno.

---

Mtoto wa Rangi Tatu

Meno mangapi? Hesabu tujue ni jani la maziwa au limeshakomaa.

---

Nyuki Mkali

Sitaki kumtetea mtu, lakini ukoka wa magotini na joto la 38 ulipaswa uukatae hapo getini. Piga picha, gusa kitufe cha kwamba yadi siyo ilivyoelezwa, omba bei mpya, kaa kwenye gari na kiyoyozi. Wakikataa, ondoka. Nimefanya kazi hii Houston misimu minne. Na kwa sheria ya nyasi zenyewe hukupaswa hata kushusha mara mbili siku moja. Theluthi ya juu, basi, theluthi nyingine siku kadhaa mbele. Ndiyo maana mteja kakasirika, ameona kahawia.

---

Slasha wa Texas

Mteja hakuona kahawia! Mteja kasema SIJAKATA! Angesema kahawia ningejibu. Bwawa liko konani kwenye picha yake, Nyuki! KONANI!

---

Nyuki Mkali

Sawa, usinipigie kelele. Nasema tu ukoka una taratibu zake. Sisi Houston majani yetu ni St. Augustine, hayo ukiyashusha chini ya inchi mbili umeyaua kweli, hayana mchezo. Ukoka unavumilia, una mizizi ya kutambaa chini.

---

Bustani Bomba

Samahani naingilia. St. Augustine ndiyo yale majani mapana kama ya Pemba?

---

Nyuki Mkali

Ndugu moja kabisa. Yale ya Pemba na haya ya huku ni ukoo mmoja, Stenotaphrum, majina ya pili tu yanatofautiana. Yanavumilia kivuli kuliko ukoka.

---

Bustani Bomba

Ahsante sana! Mimi nina kiwanja Kibaha, nimejenga, nataka kupanda mbele ya nyumba. Kuna mwembe mkubwa. Fundi ananiambia nipande ukoka.

---

Likoni Ferry

Chini ya mwembe ukoka haushiki, wataka jua. Fundi wako ana ukoka wa kuuza.

---

Bajaji Mbili

Mimi nimepanda ukoka Goba 2021, umenishinda. Umeingia kwenye mchicha, umepita chini ya ukuta, upo kwa jirani. Jirani haniamkii.

---

Slasha wa Texas

Wakuu, nimewaandikia tena. Nimewauliza swali moja tu: bwawa la kwenye picha ya mteja lilirudije konani kama mimi nililiweka barazani? Duara mnaliona au hamlioni?

---

Kigogo Kavu

@Bajaji Mbili jirani ni wa ukuta wa mbele au wa nyuma? Maana na mimi niko Goba, na kuna mtu ukoka wake umeingia kwangu na namtafuta.

---

Bajaji Mbili

Goba ni kubwa mkuu.

---

Kigogo Kavu

Una bajaji mbili, moja ya bluu ina kioo kimevunjika?

---

Mama Bukavu

Kwetu ukoka tunapatiaka sungura. Unaisha wote.

---

Slasha wa Texas

Wamejibu. Meseji ile ile, neno kwa neno. "Jitahidi zaidi wakati ujao!" Na kajani. Safari hii kanapunga mkono.

---

Bustani Bomba

@Nyuki Mkali kwa hiyo chini ya mwembe niweke ya Pemba, halafu upande wa barabara ndiyo ukoka? Na nikipanda sasa hivi nimwagilie mara ngapi?

---

Nyuki Mkali

Hivyo hivyo. Wiki mbili za mwanzo kila siku, asubuhi mapema, udongo usikauke. Ukishashika mizizi punguza.

---

Msimamizi wa Jukwaa

Uzi umehamishiwa Kilimo na Bustani.

---

Slasha wa Texas

Umehamishiwa wapi? Mimi nimedhulumiwa, silimi! Rudisheni!

---

Shamba Darasa

Karibuni jukwaani. Nina majani ya Pemba na ukoka, vipande vya mita moja kwa moja, viko Boko. Mzigo mkubwa tunakufikishia.

---

Bustani Bomba

Ya Pemba unauzaje kwa mita? Kibaha mnafika?