Ukungu bafuni: dirisha, feni au kufuta maji?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe. Bafu letu lina dirisha dogo na feni ya kutoa hewa, lakini kila baada ya miezi michache madoa meusi hurudi kwenye silikoni ya pembeni mwa beseni la kuogea na kwenye pembe za dari, ingawa huyasugua kwa dawa ya klorini mpaka yapotee. Mwanangu ana pumu, kwa hiyo nataka ukungu usiote kabisa. Watu wanne huoga kwa kufuatana asubuhi. Nianze na tabia ipi?

Fundi wa vigae
Anza na kufuta. Maji yanayobaki ukutani yasipofutwa huishia hewani, na mvuke huo ukigusa dari lenye ubaridi hugeuka matone tena; ndiyo maana kila tone unalolivuta hadi kwenye tundu la kutolea maji huipunguzia feni kazi. Tumia kifaa chenye ukingo wa mpira, kama kile cha kusafishia vioo vya madirisha. Kazi yenyewe ni ya dakika 2 tu, na inatosha ifanywe na anayeoga mwisho. Mpira haufiki kwenye pembe wala kwenye silikoni, kwa hiyo hapo apitishe kitambaa kikavu, kisha akianike nje ya bafu.

Mpangaji
Naafiki, ila feni isidharauliwe. Wengi wetu huizima tunapotoka, wakati mvuke bado umejaa, ilhali inafaa iendelee kwa dakika 20 hadi 30. Ipime pia: ikiwa inazunguka, weka kipande cha karatasi ya chooni kwenye wavu wake, na kisiponata ujue kuna vumbi au bomba limeziba. Yangu ilinguruma miaka miwili bila mimi kuitilia shaka, hadi siku fundi alipopanda darini akakuta bomba lake limeishia humo humo, na mbao zimeanza kulowa. Mlango nao uwe na uwazi kidogo chini, kwani feni haiwezi kutoa hewa pasipo nyingine kuingia.

Mwanzisha mada
Na dirisha je? Mimi huliacha wazi kutwa.

Mwenye kipimaunyevu
Dirisha linategemea hewa ya nje. Siku kavu husaidia sana. Siku ya mvua na joto hukaribisha unyevu uleule unaoukimbia. Ndani ya nyumba unyevu unapaswa kuwa chini ya asilimia 60, na vizuri zaidi ukiwa kati ya 30 na 50. Kwangu, dirisha peke yake siku ya mvua liliacha kipimo juu hadi mchana, lakini tulipofuta kuta na kuwasha feni kilishuka kabla ya saa moja kwisha. Kama dirisha liko karibu na feni, lifunge feni inapofanya kazi, la sivyo itavuta hewa ya dirishani na kuuacha mvuke ulioko upande wa pili.

Mama wa watatu
Kwa kuwa umetaja pumu, nakusihi usichanganye dawa ya klorini na siki wala na dawa yenye amonia, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Siki nayo isitumike kwenye marumaru, kwani huyala. Utando wa sabuni ni chakula cha ukungu, basi sugua kuta kila wiki kwa sabuni ya kawaida na kuzisuuza vizuri. Pazia la bafu libaki limetandazwa, na taulo mbichi zisianikwe humo.

Fundi wa vigae
Silikoni iliyokwisha kuingiwa na weusi ndani haitakaswi. Ikate, acha pakauke kabisa, ndipo upake mpya. Na kama doa linarudi mahali pamoja hata bafu lisipotumika, tafuta bomba linalovuja, kwa sababu hilo halitibiwi kwa kufuta.

Mwanzisha mada
Nimejaribu karatasi sasa hivi, imeanguka. Nafungua wavu jioni hii, na kesho mimi ndiye nitakayeoga mwisho.