Mdogo wangu kakamatwa na Wahabeshi 9 kwenye Noah, anasema hakujua. Naombeni ushauri

MamaJunior_Himo: Wakuu naombeni msaada, sijala toka jana. Mdogo wangu dereva wa Noah, juzi usiku kakamatwa Same na Wahabeshi tisa. Alikodiwa tu Himo kwenda Chalinze akaambiwa ni mafundi. Kesho kutwa anapandishwa kizimbani kwa kusafirisha wahamiaji haramu. Akisema hakujua si anaachiwa?

Kibajaji: Pole dada. Mi kuna abiria aliniachia begi la bangi, nililala ndani siku tatu mpaka mke akauza kuku wote. Hayo ya Wahabeshi ndo kabisa, milioni 20 au miaka 20.

LoriTunduma: Miaka 17 niko barabarani. 2012 Chitego kule Kongwa walikutwa zaidi ya 40 wamekufa, walibebwa kwenye lori wakakosa hewa. 2020 kule Tete, Msumbiji, 64 ndani ya kontena. Mwambie atubu kwanza.

MamaJunior_Himo: Baba sijauliza toba, nimeuliza sheria.

Mtoa_Hoja: Serikali ndo inatakiwa ithibitishe alijua, bila kuacha shaka. Ila moyo wa mtu hauonekani, kwahiyo wanaangalia mazingira: saa ngapi, kapita njia gani, simu alizopiga, nauli. Alilipwa bei gani?

MamaJunior_Himo: Bei ya kawaida tu ya kukodi.

Mtoa_Hoja: Dada, bei gani?

MamaJunior_Himo: Laki tisa.

Kibajaji: Himo Chalinze laki tisa?? Namba ya huyo tajiri tafadhali.

Mtoa_Hoja: Hapo ndo mwendesha mashtaka ataanzia. Hela ilipita wapi?

MamaJunior_Himo: Kwenye laini yangu, yake ina mkopo wangekata. Meseji nimeshafuta zote, na tumekubaliana aseme gari alimwachia deiwaka. Msinihukumu, mama yetu anaumwa, nyie mngefanyaje?

Mtoa_Hoja: Kufuta hakusaidii, mtandao wa simu una rekodi ya muamala, na sasa itaonekana na wewe ulikuwa unaficha. Deiwaka gani wakati kakutwa yeye kwenye usukani? Uongo mmoja ukikamatwa hata ule ukweli wa kwamba hakujua hakimu hauamini tena.

Sidanganyiki: Hii chai. Kajiunga leo, habari inatoka kidogo kidogo kama tamthilia. Na hiyo Noah ni ya nani mbona hasemi?

LoriTunduma: Hata mi nimeanza kuona hivyo.

MamaJunior_Himo: Sio chai. Noah ni yangu. Leo nimeenda kituoni nikachungulia dirishani, siti za nyuma hamna, kuna sponji chini na turubai, na chupa za maji zimejaa mkojo. Siti tuling'oa wiki iliyopita, aliniambia anaenda kubeba nyanya. Nati mbili zilikuwa na kutu, mimi ndo nilimshikia spana.

Mtoa_Hoja: Usiandike tena hapa. Asubuhi tafuta wakili wako, sio wake, wako.