Mama ana MAC (bakteria wa ukoo mmoja na wa TB) kwenye mapafu, siyo TB. Dozi inaisha lini?

mtoto_wa_pili: Wakuu naombeni msaada. Mama alikohoa muda mrefu, darubini ikaonyesha vimelea akaanzishwa dawa za TB na hakuna nafuu, sasa makohozi yameoteshwa imeonekana ni MAC. Anameza azithromaisini, ethambutoli na rifampisini. Kikohozi kimepungua ila tumbo linamsumbua, chakula hakipiti, anataka kuacha. Dozi ni ya muda gani? Nasikia wengi inawarudia.

nesi_kifua: Pole kwa kuuguza. Asiache kabisa! Hapa hamhesabu toka siku alipoanza dawa, mnahesabu toka makohozi yalipoacha kuotesha mdudu halafu anaendelea angalau miezi 12 mbele, mwongozo wa kimataifa wa 2020 ndivyo unavyosema. Kwa hiyo makohozi yaoteshwe kila mwezi mmoja au miwili, kikohozi kupungua siyo kipimo. Ulizeni pia kama walipima usugu wa azithromaisini maana ndiyo nguzo ya dozi nzima. Na tafadhali asije akaacha zile mbili zinazomchosha akabaki na azithromaisini peke yake, hapo mdudu anajenga usugu na kumtibu tena inakuwa kazi kweli kweli.

pumzi_ndefu: Mimi ninayo hiyo hiyo. Kuhusu tumbo aongee na daktari, kama mapafu hayana mashimo dawa zinaweza kupangwa mara tatu kwa wiki badala ya kila siku, mimi ndo iliniokoa. Ethambutoli inagusa macho, akianza kuona ukungu au rangi kufifia arudi hospitali siku hiyo hiyo. Halafu atoe makohozi kila siku, fiziotherapia watamfundisha namna ya kupumua na kuyasukuma juu, dawa peke yake haifiki vizuri palipojaa makohozi. Na ale jamani, hata kidogo kidogo mara nyingi, mwili ukikonda huu ugonjwa unapata nafasi.

mtoto_wa_pili: Asanteni sana. Anaogopa kuwaambukiza wajukuu, na je miezi 6 ya dawa ikifika makohozi bado yanaotesha mdudu, tufanyeje?

nesi_kifua: Wajukuu awabebe tu, MAC haiambukizwi kama TB, inatoka kwenye maji na udongo ndo maana hata aliyepona anaweza kupata mdudu mpya kabisa. Ikifika miezi 6 bado inaota kuna amikasini ya kuvuta kwa mashine, inaongezwa juu ya zile za kumeza. Kwenye utafiti wake waliosafika makohozi walikuwa 29%, wasioipata kama 9%, siyo wote ila ni tofauti kubwa. Akiitumia hiyo wafuatilie usikivu wa masikio yake, na sauti kukwaruza ni kawaida.