Mnyororo wa nanga unakula omo ya boti ya mbao: nianzie wapi?

Mwenye Boti, Kibirizi:

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninayo boti ya mbao za mninga yenye urefu wa mita 11, inayobeba abiria na mizigo katika Ziwa Tanganyika, kutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwenda vijiji vya kaskazini hadi Mwamgongo. Mchana haina shida, kwa kuwa tunashusha watu ufukweni na kuondoka. Taabu ni usiku, boti inapolala majini kiasi cha mita 30 kutoka nchi kavu, mahali penye kina cha mita 5 hivi, ikishikwa na nanga moja na mnyororo mtupu wa milimita 10, urefu wake mita 15.

Tangu upepo wa kusi ulipoanza, kijana anayelinda boti amekuwa akiniambia kwamba hapati usingizi kwa mkwaruzo wa mnyororo, nami nikamchukulia kama mtu anayetafuta sababu ya kulala kwao. Wiki iliyopita tulipoipandisha boti kwa ajili ya kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, ilinibidi nimwombe radhi. Upande wa kulia wa omo, yaani pua ya boti, shubiri moja chini ya ukingo, pana mfereji ambao kidole gumba changu kinazama hadi ukucha wote unafichika, na ndani yake ubao umekuwa mweusi na laini, ncha ya kisu inaingia bila kulazimishwa. Upande wa kushoto ni mikwaruzo ya rangi tu.

Mwaka jana nilipigilia kipande cha tairi mahali hapo kwa misumari. Mnyororo ulikikata kwa miezi miwili, misumari ikabaki imechomoza kama meno. Sasa wengine wananishauri nivalishe omo bati la chuma, wengine wananiambia niongeze tairi nene zaidi. Naomba ushauri wa waliokwisha kulitatua jambo hili, na hasa nieleweshwe kama ubao ulioanza kuoza unaweza kufunikwa hivyo hivyo.

Fundi wa Boti, Ujiji:

Ndugu, naanza na swali lako la mwisho: usifunike. Ubao uliooza ukivalishwa bati unaendelea kuoza gizani, na siku utakapogundua, utakuwa hubadilishi ubao mmoja bali mti mzima wa mbele, ule ambao mafundi wa pwani huuita hanamu. Chonga sehemu yote laini mpaka ufikie mninga mgumu wenye rangi yake ya wekundu, kisha uongeze kidogo zaidi ya pale unapodhani panatosha, na uache pakauke kivulini kwa siku kadhaa. Usijaze kwa chokaa ya rangi wala kwa unga wa mbao na gundi, maana vitu hivyo havishiki pale ambapo ubao unapinda na kunyooka kwa mawimbi. Tia kiraka cha mninga kilichokauka, nyuzi zake zikielekea upande ule ule wa nyuzi za ubao wa zamani, na kigandishwe kwa epoksi.

Baada ya hapo, bati ni jambo jema, ila si bati lolote. Chuma cha kawaida kitashika kutu nyuma yake, kutu itavimba, na kuvimba huko kutasukuma skrubu nje. Tafuta chuma kisichoshika kutu chenye unene wa milimita 2 au 3, kikunjwe karakanani kufuata umbo la omo, kishuke pande zote mbili hadi karibu na mstari wa maji, na kingo zake zisuguliwe ziwe za mviringo. Ukiziacha kali zitakata kamba zako zote.

Wengi hukosea kwenye matundu ya skrubu. Kila tundu ni mlango wa maji. Mimi hutoboa tundu kubwa kuliko skrubu, nalijaza epoksi, naliacha ligande, halafu ndipo natoboa tena tundu dogo katikati ya ile epoksi, ili skrubu isiguse ubao kabisa. Nyuma ya bati napaka gundi laini ya mpira ya kuzibia, nyingi kiasi cha kufurika pembeni ninapokaza, kwa sababu hata chuma hicho kizuri huliwa vidoa vidoa kikikaa kwenye unyevu usiopata hewa. Kazi hii inachosha, lakini niliyoifanya kwa haraka siku za ujana wangu nimeirudia yote.

Nahodha Mstaafu:

Fundi amesema kweli tupu kuhusu ubao, nami sina la kuongeza hapo. Hata hivyo, bati linamkinga mgonjwa wakati ugonjwa ungali palepale. Kuna mambo mawili katika maelezo yako, mwanangu, ambayo nadhani ndiyo chanzo.

Kwanza, kwa nini upande wa kulia tu? Naamini mnyororo wako unafungwa kwenye kigingi kilicho kulia mwa sitaha ya mbele, kwa hiyo unatoka kwa mshazari na kulalia shavu lile lile usiku kucha. Pili, una mita 15 za mnyororo. Kina ni mita 5, na omo iko kama mita 1 juu ya maji. Hesabu yako ni mita 6 kwa 15, yaani mara mbili na nusu tu. Mnyororo wa milimita 10 una uzito wa zaidi ya kilo 2 kwa kila mita, na uzito huo ndio unaotakiwa kulala chini na kunyanyuka polepole wimbi linapovuta. Ukiwa mfupi namna hiyo hunyanyuka wote kutoka chini, hunyooka kama fimbo, na kila wimbi linakuwa pigo. Huo ndio mkwaruzo anaousikia kijana wako.

Ushauri wangu ni kuunga kamba ya nailoni ya mita 15 baada ya mnyororo. Utapata urefu wa mara tano ya zile mita 6, mnyororo wote utabaki majini, na kitakachopita omoni kitakuwa kamba. Iwe nailoni iliyosokotwa, si ile kamba ya plastiki inayoelea, kwa kuwa nailoni hurefuka inapovutwa na hivyo kulimeza lile pigo.

Mama mwenye mitumbwi, Katonga:

Sisi tuliopungukiwa tunavisha mnyororo mpira mzito wa maji. Unapasuliwa kwa urefu, unavishwa kwenye ile mita moja na nusu inayogusa omo, unafungwa kwa nyuzi za nyavu kila baada ya shubiri. Jua linaupasua, kwa hiyo ukaguliwe kila mwezi, lakini ukipigiwa hesabu ni nafuu kuliko ubao mmoja. Tairi la kupigilia kwa misumari nalipinga kabisa, kwani mpira huficha maji nyuma yake na misumari huyapeleka ndani ya ubao.

Mwenye Boti, Kibirizi:

Shikamoo, Nahodha. Umeniona ukiwa huko huko: kigingi kiko kulia, na kilikuwa hapo tangu nilipoinunua boti. Kuhusu kuurefusha ugwe nina pingamizi moja. Mwaloni tumebanana, na mita 30 za kamba na mnyororo zikizunguka na upepo zitanipeleka ama ufukweni ama ubavuni mwa jirani. Mwenzangu mmoja naye anasema meli ya Liemba imekaa ziwani tangu 1915 ikiwa na minyororo minene kuliko mguu wa mtoto, mbona omo yake haijaliwa?

Nahodha Mstaafu:

Marahaba. Mwambie mwenzako kwamba Liemba ni chuma, na meli za namna hiyo hupitisha mnyororo katika tundu lenye kingo nene za chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Asilinganishe.

Pingamizi lako ni la haki. Basi bakia na mnyororo wako, ila usiufanye ndio unaobeba boti. Chukua kamba mbili za nailoni, unene wa milimita 14, kila moja mita 6. Moja ifungwe kigingi cha kulia, nyingine cha kushoto, ambacho itabidi ukiweke, nazo zikutane mbele ya omo kama hatamu na kushikwa kwenye mnyororo kwa ndoano. Kisha legeza mnyororo mpaka sehemu iliyo kati ya ndoano na boti ining'inie kama kitanzi. Kamba zinavuta, mnyororo unasubiri tu kama akiba iwapo kamba itakatika. Kwa mvuto wa pande mbili omo itaelekea upepo sawasawa, na pale kamba zinapopita ukingoni uzivishe ule mpira wa Mama wa Katonga. Tezini, yaani nyuma ya boti, utie nanga ndogo ya pili kuelekea nchi kavu ili usizunguke.

Fundi wa Boti, Ujiji:

Nakubaliana na Nahodha, ila bati usiliache. Hatamu inalinda omo usiku. Alfajiri kijana anapopandisha nanga kwa mikono, mnyororo unarudi palepale na nanga yenyewe inagonga ubao inapofika juu. Ukiweza, weka na roda, yaani gurudumu la kupitishia mnyororo, iliyotokeza mbele ya omo kwa kiasi cha shubiri, ili mnyororo ushuke wima bila kugusa kitu.

Mwenye Boti, Kibirizi:

Nimewaelewa. Kiraka kimetiwa leo, na mninga ule mweusi uliochongwa ulijaa kopo la rangi la lita nne, jambo ambalo sikulitegemea. Bati na roda nimeagiza karakanani, kigingi cha kushoto kinafungwa kesho kwa bolti zinazopita hadi kwenye ubao wa chini ya sitaha. Kamba nitanunua kabla boti haijarudi majini, na kijana ameniomba mpira ule aufunge yeye mwenyewe.