Kutoka Mlima Kenya hadi Chalbi: nijiandae vipi kuongoza wanafunzi jangwani?

Binti wa Nanyuki (swali)

Hamjambo wenzangu. Kwa miaka minne nimekuwa mwongozaji msaidizi wa vikundi vya shule kwenye Mlima Kenya, hasa njia ya Sirimon, na kazi hiyo naielewa vizuri. Sasa nimealikwa kuongoza wanafunzi 14 wa umri wa miaka 16 hadi 18, pamoja na walimu wao 2, katika safari ya siku nne ya kutembea na ngamia kutoka Kalacha hadi North Horr, ukingoni mwa jangwa la Chalbi kaskazini mwa Kenya, mwezi wa Agosti. Nimeahidiwa mwongozaji mwenzangu mmoja, wachunga ngamia 4 na ngamia 4. Meneja aliyenipigia simu alisema kwamba aliyeuweza mlima hatashindwa na tambarare, kauli ambayo ilinizidishia wasiwasi badala ya kuniondolea. Naomba wenye uzoefu wa huko wanieleze ni nini hasa kinachobadilika, na ni maswali gani niulize kabla ya kutia sahihi.

Mzee wa Misafara, Marsabit

Binti yangu, wasiwasi wako una akili kuliko kauli ya huyo meneja. Nianze na hesabu ya maji, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. Wanafunzi 14, walimu 2, nyinyi waongozaji 2 na wachunga ngamia 4 ni watu 22. Ukimtengea kila mmoja lita 5 za kunywa na 2 za kupikia na kunawa, unahitaji lita 154 kwa siku, yaani mitungi 8 ya lita 20. Ngamia mmoja hubeba mitungi 4 bila kulalamika sana, kwa hiyo maji ya siku moja ni mzigo wa ngamia wawili, na ikiwa kutoka kisima hadi kisima ni siku mbili, ngamia wako wote wanne wamekwisha kabla hujapakia hata hema moja. Aliyekuahidi ngamia 4 hajaifanya hesabu hii, au anategemea gari la kufuata nyuma ambalo hajakutajia. Mwulize ni lipi kati ya hayo mawili, na kama ni gari, mwulize litapita wapi, maana uso wa Chalbi unaweza kuonekana mkavu kama saruji ilhali chini yake ni tope linalomeza magurudumu.

Pili, usidhani kisima ni cha anayefika kwanza. Wagabra, wafugaji wenyeji wa huku, wana zamu za kunywesha mifugo, na mtu aliyeswaga ngamia wake kutwa nzima hawezi kufurahia kukuta vijana wa mjini wamepanga mitungi mbele yake. Mtume mwenyeji atangulie kuzungumza na wazee, na huyo huyo akuulizie habari za usalama kwa chifu, kwa sababu njia iliyokuwa shwari mwezi uliopita inaweza kuwa na ugomvi wa malisho leo. Maji ya sehemu nyingi za huku pia yana chumvichumvi. Ngamia huyafurahia, lakini mwanafunzi wa Nairobi huyaonja mara moja, akakunja uso na kuacha kunywa kabisa. Beba ndimu za kutosha.

Kuhusu mwendo, waamshe saa kumi alfajiri, ondokeni saa kumi na moja, na ikifika saa nne asubuhi muwe mmetua mizigo na kufunga turubai la kivuli. Msiondoke tena kabla ya saa kumi jioni. Usiwaambie vijana "tunakwenda pale" huku ukiwaonyesha miti, kwa maana mazigazi huisogeza mikoma ikaonekana kuwa ya mwendo wa saa moja, kumbe ni wa saa tatu, na kijana aliyevunjika moyo saa mbili asubuhi ni mzigo usio na ngamia wa kuubeba.

Muuguzi wa Safari

Naunga mkono aliyoandika mzee, nami niongeze upande wa afya. Mlimani mwanafunzi akizidiwa anaonekana: anabaki nyuma, anatapika, anaketi juu ya jiwe. Jangwani anatembea katikati ya wenzake, kimya, na upepo wa Agosti unakausha jasho lake kabla halijalowesha shati, hivyo yeye mwenyewe haamini kwamba anapoteza maji.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu alinifunza jambo ambalo sikulipata katika kozi yoyote. Saa tatu asubuhi niliishika chupa yake nikaikuta imejaa hadi shingoni, na alipoona nimeduwaa alininong'oneza kwamba alikuwa hanywi makusudi, kwa sababu mahali pale hapakuwa na kichaka hata kimoja cha kujisitiri na wavulana walikuwa kila upande. Tangu siku hiyo sianzi safari bila leso mbili za kushikiwa na wenzake, na mahali palipo wazi kabisa huwaomba wachunga ngamia wawapigishe magoti ngamia wawili wawe ukuta. Natangaza mapumziko hayo kwa kikundi kizima, kila baada ya saa moja, ili asiwepo anayelazimika kuomba. Usikubali kwenda bila mwongozaji wa kike, na kwa kuwa wewe ni mwanamke, hakikisha hutakuwa peke yako usiku kucha na hema zote za wasichana.

Fomu ya afya iulize waziwazi kuhusu selimundu, pumu, kifafa na kisukari. Upungufu wa maji mwilini unaweza kumwamshia mwenye selimundu maumivu makali, na wazazi wengine huficha ugonjwa huo wakihofia mtoto ataachwa, basi wapigie simu mmoja mmoja. Mwanafunzi akianza kuongea ovyo au kuyumba huku mwili ukiwaka, usingoje kumpima joto: mlaze kivulini, mmwagie maji, mpepee bila kukoma, na uite msaada. Kosa la upande wa pili nalo lipo, la kunywa maji matupu kwa wingi bila chumvi, ambalo nalo huleta kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Ukikosa pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi.

Mguu wa Mchanga

Dada, mimi nazungumzia mkataba tu. Katika safari yangu ya kwanza huko nilikabidhiwa simu ya setilaiti iliyojaa chaji. Siku ya pili mwalimu alivunjika kifundo cha mguu, nikabonyeza namba, nikagundua kwamba malipo ya laini yalikuwa yamekwisha miezi miwili iliyopita. Tulimbeba juu ya ngamia kwa saa sita, naye akilia kwa kila hatua. Piga simu hiyo mwenyewe kabla hamjaondoka mjini, tena uzungumze na mtu. Dai pia uonyeshwe kwa maandishi bima ya kuwasafirisha wagonjwa kwa ndege, na ujue kiwanja kilicho karibu zaidi na kila kambi, kwani vya huko ni vya vumbi na havina taa za usiku.

Usiache kazi yako ya mlimani pia. Likizo za Aprili na Novemba huangukia majira ya mvua, wakati Chalbi ni tope, kwa hiyo mwongozaji wa vikundi vya shule hubaki na Agosti na wiki chache za Desemba.

Binti wa Nanyuki

Nawashukuru nyote. Nimempigia meneja simu: gari la kufuata halipo, na ngamia 4 ndio walioandikwa katika bajeti. Nimemtumia hesabu ya mzee pamoja na masharti yangu, yaani ngamia 8, mwongozaji wa pili awe wa kike, na bima nione kwa macho yangu. Ameomba muda hadi Ijumaa. Muuguzi, hizo leso ni za kawaida au kuna aina maalumu?

Muuguzi wa Safari

Ni za kawaida, ila chagua nzito na uzishonee kamba katika pembe zote nne. Ya kwangu ya kwanza ilichukuliwa na upepo, na nadhani hadi leo iko njiani kuelekea Turkana.