Kikundi cha Ukoo wa Ngamiani, Tanga: Mwasumini wa Zuhura

Ijumaa jioni, mwishoni mwa Oktoba

Zuhura (Leeds): Assalaam aleikum wote. Shikamoo Bibi, Mjomba, Mama mdogo. Tazameni hiyo picha. Ndio mwasumini wangu, ule nilionunua huku Uingereza, uliotoa maua mwezi wa saba. Majani yanageuka manjano na kupukutika. Asubuhi nimeokota kumi na saba chini ya dirisha. Nimelia.

Bibi: Waaleikum salaam, marahaba mjukuu wangu. Una kiu huo. Umwagilie asubuhi na jioni. Wangu hapa uani naufanyia hivyo hivyo, na kila alasiri nachuma vitumba vya kutungia kikuba.

Zuhura (Leeds): Ndivyo ninavyofanya Bibi. Kikombe kizima kila siku.

Mjomba Lushoto: Zuhura, weka kikombe chini. Nipo bustanini, nanawa mikono nakuja.

Salimu: Mjomba kaacha viazi vyake, basi jambo zito hili

Mjomba Lushoto: Mama, shikamoo, na uniwie radhi. Maji ya Ngamiani si maji ya Leeds. Zuhura, nisome taratibu.
Nilipohamia Lushoto Mama alinikatia kitawi cha mwasumini wake. Nikakiotesha, kikashika, kikafika kiunoni. Huku tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na kipupwe ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Mwezi wa sita majani yakaanza kugeuka manjano. Nikadhani kiu, nikazidisha maji. Yakazidi kuanguka, nikazidisha tena. Mwezi wa nane nikaung'oa. Ganda la mizizi lilinibakia vidoleni kama ganda la karanga ya kuchemsha, ndani umebaki uzi mweusi, unanuka tope la mikoko. Ule ulikuwa mti wa mama yangu, nami niliuzamisha kwa mkono wangu.

Bibi: Hukuniambia hayo.

Mjomba Lushoto: Niliona haya, Mama.

Bibi: Nitakukatia mwingine, mwanangu. Haya, mweleze mtoto.

Mjomba Lushoto: Penye baridi mzizi unalala, haunywi. Maji yanakaa tu chunguni, hewa inakosa pa kupita, mzizi unaoza. Na mzizi ukishaoza hauwezi kupandisha maji, kwa hiyo majani yananyauka kama ya mti wenye kiu. Hapo ndipo wengi tunapopotea, tunaunywesha mti uliokwisha kuzama. Baridi kidogo mwasumini unaivumilia, lakini baridi pamoja na tope ndiyo inayoua. Usiuache penye chini ya nyuzi 10.

Zuhura (Leeds): Sasa nitajuaje wakati wa kumwagilia?

Mjomba Lushoto: Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Ukisikia unyevu, ondoka. Halafu zoea kukinyanyua chungu: kikiwa na maji kizito, kikikauka utashangaa wepesi wake. Ukimwagilia, acha maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Mbolea usitie kabisa mpaka siku zianze kurefuka, mwezi wa tatu au wa nne.

Zuhura (Leeds): Nimeuweka juu ya hita ili upate joto kama la Tanga

Mama mdogo: Yarabi, uondoe!

Mjomba Lushoto: Uondoe leo. Joto la hita ni kavu, linaleta utitiri mwekundu. Geuza jani utazame mgongoni: ukiona vumbi linalotembea na utando mwembamba kama wa buibui, futa kwa kitambaa kibichi, jani moja moja. Uweke kwenye dirisha linalotazama kusini, ndiko jua lenu la baridi linakopita. Sisi Tanga mchana ni saa 12 au karibu yake mwaka mzima. Ninyi Desemba hamfikishi hata 8. Mti hauna mwanga wa kulisha majani yote yale, lazima upunguze mengine.

Salimu: Na yale maua mekundu ya kana aliyopanda nje?

Mjomba Lushoto: Hayo rahisi. Jalidi ikishayababua majani yakawa meusi, kata ubakize shubiri moja, chimbua matunguu yake, yakaushe siku chache, kisha yafukie kwenye boksi la mchanga mkavu mahali pasipoganda. Yatalala mpaka masika yao.

Zuhura (Leeds): Mama mwenye nyumba wangu ana kaua ka zambarau jikoni, majani yana manyoya. Anasema asili yake kwetu. Kweli?

Mama mdogo: Kweli kabisa, na ni ka Tanga haswa! Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala Mjerumani wa hapa Tanga, alikakuta kwenye miamba yenye kivuli, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland akakapa jina Saintpaulia. Kwetu kanaota msituni Usambara. Inaniuma kwamba wazungu wanakafuga madirishani nasi wengi hatukajui hata kwa sura. Mwambie asikamwagie maji baridi majanini, kanapata madoa. Amwagie chini, maji ya uvuguvugu. Na kenyewe hakalali, kanataka joto la nyumba mwaka mzima.

Zuhura (Leeds): Nitamwambia leo leo. Mjomba, nimekinyanyua chungu. Kizito kama ndoo. Nimechelewa?

Mjomba Lushoto: Tafuta tawi lililobaki uchi. Likwarue ganda kwa ukucha, kidogo tu. Likiwa kahawia na kavu ndani, hilo limekufa, shuka chini ukwarue tena.

Bibi: Bismillahi.

Zuhura (Leeds): La juu kahawia

Zuhura (Leeds): La pili kahawia pia

Bibi: Shuka mjukuu wangu, karibu na udongo.

Zuhura (Leeds): KIJANI. Kijani kibichi kabisa, na ukucha umelowa! Ngoja niwapigie picha

Mama mdogo: Alhamdulillahi!

Mjomba Lushoto: Basi usiuguse maji siku kumi. Yakianguka majani yote usiogope. Mwezi wa tatu tutaupogoa pamoja hapa kwenye simu, maua yake huja kwenye matawi mapya. Nje usiutoe mpaka mwisho wa mwezi wa tano.

Bibi: Na vitumba vya kwanza usivichume vikiwa vimefunguka. Alasiri, vikiwa vimefumba. Uzi nitakutumia mimi.