Hiki chombo kinaniuliza MIMI kama nina uhakika tawi lipo??

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Kile chombo mnachokijua, cha kuburuta visanduku na kuviunga kwa mistari, "huhitaji kuandika kodi ya programu hata kidogo", leo kimenivua nguo mbele ya timu nzima.

Kazi yenyewe ya kitoto. Kisanduku cha kwanza kipokee taarifa kuwa kuna kodi mpya, cha pili kilete maelezo ya tawi, yaani ule mkondo wa kodi unaofanyiwa kazi pembeni (komiti ya mwisho, yaani badiliko la mwisho lililohifadhiwa, nani kaisukuma kwenye seva, tawi limelindwa au la), cha tatu kirushe ujumbe kwenye kundi. Basi! Tawi linaitwa malipo/kadi. Lipo. Nimelifungua kwenye dirisha la pembeni, komiti ya asubuhi inaonekana, na aliyeisukuma yupo kikaoni ananikodolea macho. Nabonyeza kitufe cha kujaribu. Kinazunguka. Kinazunguka. Watu wanaota mvi. Mara 404, yaani "haipatikani", na chini yake, kwa upole wa kinafiki: "Una uhakika tawi hili lipo?"

Una uhakika! Mimi! Niliyelianzisha kwa mikono hii!

Nikabadili tokeni, ule ufunguo wa ruhusa. Una uhakika? Nikaandika jina upya herufi moja moja. Una uhakika? Nikaweka main, lile tawi kuu, kikamwaga kila kitu mpaka heshi (kitambulisho cha komiti) nzima ya herufi 40, kwa bashasha. Nikarudisha malipo/kadi: una uhakika tawi hili lipo? Bosi naye akauliza taratibu, "Kwani lipo kweli?" Kimeshaambukiza watu!

Tangu Linus Torvalds atoe Git, mfumo wa kutunza kodi na matawi yake, mwaka 2005 hajadhalilishwa mtu na tawi kama mimi leo. Na msiniletee habari za nyaraka.

kaka_wa_seva: Mkuu, jina lina mkwaju (/). Chombo kinaubandika kwenye anwani ulivyo, seva inadhani njia inaendelea. Andika malipo%2Fkadi, hiyo %2F ndiyo mkwaju uliosimbwa. Nyaraka za API (mlango wa programu kuongea na seva) ya GitLab zimelisema hilo waziwazi.

mleta uzi: Nimesema NYARAKA HAPANA. Na nikiandika %2F, chenyewe kinaisimba tena inakuwa %252F. Halafu kinaniuliza nini? Malizia.

bi_terminali: Mtu mzima na akili zake anaacha amri ya git ls-remote, inayoorodhesha matawi ya seva na kujibu kabla hujapepesa, anaenda kuburuta visanduku. Ulistahili.

mzee_404: 404 si lazima iwe halipo. GitHub ukiigonga ripo (hifadhi ya kodi) ya faragha kwa tokeni isiyo na ruhusa, inakujibu 404 badala ya 403 ("huruhusiwi"), makusudi, usijue hata kama ipo.

mleta uzi: main ya ripo hiyohiyo imekuja!! Soma uzi mzee wangu.

asiyelala: Wewe angalau uliulizwa. Mimi kinaniletea matawi 30 na tiki ya kijani, "imekamilika". Ripo ina matawi zaidi ya mia.

kaka_wa_seva: Hizo ni kurasa, orodha inakuja vipande vipande. GitHub 30 ndiyo kawaida yake, weka per_page=100, ndio mwisho, kisha omba ukurasa wa pili.

asiyelala: Sasa tiki ya kijani ya nini?

jedwali_limeniua: Nyote mnadeka. Mimi chombo kilileta heshi vizuri tu, nikazimwaga kwenye jedwali. Heshi fupi ilikuwa 4520e18. Jedwali likadhani e18 ni sufuri 18 za namba, likaandika 4.52E+21. Komiti imegeuka umbali wa kwenda kwenye nyota.

bi_terminali: 😂😂😂 naweka kambi hapa

mzee_404: Safu iwe ya matini KABLA ya kubandika. Ukibadili baadaye heshi imeshaliwa.

asiyelala: Yangu ilikuwa 0048213, ikabaki 48213. Nikaitafuta komiti hiyo mpaka usiku.

jedwali_limeniua: Ngoja nifungue uzi wa majedwali, hili janga linajitegemea.

kaka_wa_seva: Fungua, mimi ninayo ya tarehe.